Biskuti Laini za Kibogoyo

Jumamosi ile Fundi aliamka amechoka, akaingia jikoni amechoka, akamenya papai amechoka. Kuna uchovu wa kazi, ambao mtu akilala unakwisha. Na kuna ule mwingine, ambao ukilala unalala nao, na asubuhi unakuta umekutangulia kuamka. Wa Fundi ulikuwa huo wa pili, na ulikuwa na umri wa miezi mitano, tangu siku walipomzika baba yake.

Fundi lilikuwa jina la kazi, na kila mtu alimwita hivyo isipokuwa mama yake. Zamani alikuwa fundi wa keki za harusi, zile za ghorofa tatu zenye maua ya sukari, ambazo watu huzipiga picha nyingi kuliko bibi harusi mwenyewe. Baba yake alipofariki, Fundi alikusanya vifaa vya keki, akavitia kwenye sanduku, akalifunga kwa kamba na kulisukuma chini ya kitanda. Alibakiza biskuti za mbwa tu. Alikuwa amezianza miaka miwili nyuma kama mchezo, ili matunda yaliyobaki kwenye keki yasioze, na sasa ndizo zilizokuwa kazi yake yote. Bibi harusi hutaka utabasamu naye. Mbwa hakuulizi unaendeleaje.

Alioka aina mbili. Kulikuwa na biskuti ngumu, za ndizi mbivu na unga wa shayiri, zilizochukuliwa na kila mwenye mbwa mtaani. Halafu kulikuwa na laini, na hizo zilikuwa za mbwa mmoja peke yake. Papai liliiva mpaka likalegea, akaliponda kwa uma. Tofaa alilimenya, akatoa mbegu zote, kwa kuwa mbegu za tofaa si nzuri kwa mbwa, akalichemsha na kulichanganya na unga kidogo wa kushikanisha. Hakutia chumvi wala sukari, na zabibu ndiyo kabisa, hazikuruhusiwa hata kupita mlangoni, maana zabibu humuua mbwa. Kisha aliwasha moto mdogo na kusimama hapo hapo saa nzima, akizigeuza moja moja kwa kisu bapa zisivunjike. Saa nzima ya miguu yake, kwa biskuti ishirini na nne za mbwa asiye na jino hata moja.

Mbwa mwenyewe aliitwa Kibogoyo. Mwenye mbwa alikuwa mwanamume mrefu, mpole, aliyefundisha mbwa wa ulinzi kwenye kampuni moja upande wa pili wa mji. Kibogoyo alipozeeka na kuachishwa kazi, yeye ndiye aliyemchukua nyumbani kwake. Siku ya kwanza tu Fundi alimwita Baba Kibogoyo kwa utani, naye akaitika, na jina likamganda.

Kila Jumamosi saa nne Baba Kibogoyo alipiga hodi. Hakuwahi kuvuka kizingiti, hata akikaribishwa vipi. Alisema viatu vyake vinanuka mbwa. Alisimama pale mlangoni, akaupokea mfuko wa karatasi kwa mikono miwili, na macho yake yakabaki usoni kwa Fundi kitambo kidogo kupita ilivyohitajika kwa mtu aliyefuata biskuti. Fundi naye alikuwa na swali lake la kila wiki. "Kibogoyo hajambo?" Siku hizi jibu lilikuwa moja tu. "Amelala." Fundi alicheka moyoni, akawaza kwamba kweli uzee ni usingizi. Kisha mtu akaondoka, na Fundi akabaki ameshika kitasa cha mlango, anangojea Jumamosi nyingine.

"Leo unampa dada yako jibu gani?"

Aliyeuliza alikuwa mama yake, aliyekaa mezani na kikombe cha chai. Dada mkubwa alikuwa amempatia Fundi nafasi kwenye jiko la hoteli, katika mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. Hoteli ilitaka jibu leo, na kazi ianze Jumanne.

"Nadhani nitaenda, mama."

"Unadhani au unaenda?"

"Naenda. Nimechoka hapa."

Mama alikoroga chai ambayo ilishakorogwa. "Na huyo mtu wa mbwa?"

"Yeye vipi?"

"Nauliza tu. Mimi simtaki, unajua. Mwanamume mzima anaongea na mbwa kuliko watu. Shati lake lina manyoya mpaka kwenye kola. Nikiulizwa mkweo anafanya kazi gani, niseme anabweka?"

"Mama, nani kasema mkwe? Miaka miwili huyu mtu anasimama mlangoni. Angekuwa na neno angelisema."

"Huenda ni mzito wa kusema."

"Basi abaki na uzito wake."

Alijibu hivyo kwa mdomo. Lakini moyoni Fundi alikuwa amejiwekea sharti tangu juzi, na tuliseme wazi, maana yeye mwenyewe hakuthubutu kulisema. Baba Kibogoyo akitamka neno leo, lolote, hata neno bovu, Fundi angebaki. Akichukua mfuko wake na kwenda zake kama Jumamosi zote, basi, Jumatatu ingemkuta Fundi kwenye basi.

Mama alibeba beseni la nguo, akatoka uani kuanika. Fundi alisukuma trei ya kwanza kwenye oveni, biskuti kumi na mbili. Oveni ilikuwa ndogo, kwa hiyo nusu ya unga ilibaki kwenye bakuli ikisubiri zamu. Hapo mlango uligongwa, na haikuwa bado hata saa tatu.

Alikuwa daktari wa mifugo, mteja wa siku nyingi, na mgongoni alikuwa amembeba mtoto mchanga.

"Daktari! Umerudi!"

"Nimerudi, dada. Likizo ya uzazi imekwisha, na huyu bwana mdogo hajui maana ya usingizi. Nimefuata zangu ngumu, za wagonjwa wangu pale kliniki."

Walishangilia mtoto, wakamsifia mashavu. Fundi alipima biskuti ngumu, akazitia kwenye mfuko. Daktari alivuta pumzi, akageuka kutazama oveni.

"Hiyo harufu ya papai. Unaoka laini? Nani tena ana mbwa bogoyo?"

"Ni za Kibogoyo, nani mwingine."

Daktari alimtazama. Alimtazama vile wanavyotazama madaktari wanapogundua kwamba wanazungumza na mtu ambaye hajaambiwa.

"Kibogoyo yupi?"

"Daktari, kuna Kibogoyo wangapi?"

"Dada yangu..." Daktari alishusha sauti, kana kwamba mtoto angesikia. "Kibogoyo alikufa. Mimi ndiye niliyekuwa naye, siku mbili kabla sijaanza likizo. Alikufa vizuri, usingizini, kichwa kwenye mapaja ya mwenyewe. Ni miezi minne sasa. Nilijua unajua."

Fundi alisema ahsante. Alisema hivyo mara mbili, akamfungulia daktari mlango, akampungia mtoto mkono. Kisha alikaa kwenye kiti cha mama yake na kutazama ukuta.

Amelala. Kila Jumamosi, amelala. Na yeye alikuwa anacheka.

Biskuti ndani ya oveni zilifika wakati wa kugeuzwa, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeinuka kuzigeuza.

*

"Hodi, Fundi."

Saa nne kamili. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na lilikuwa na manyoya kwenye kola kama kawaida. Fundi alisimama mlangoni bila mfuko.

"Kibogoyo hajambo?"

"Amelala."

"Amelala wapi?"

"Fundi..."

"Nakuuliza amelala wapi. Kitandani? Barazani? Au chini ya udongo?"

Mabega ya yule mwanamume yalishuka. Mtu angedhani atakana, lakini hakukana. "Chini ya udongo," alisema. "Nyuma ya nyumba yangu, karibu na ukuta. Nani amekuambia?"

"Daktari. Ameniambia kama mtu anayeniambia hali ya hewa, kwa sababu alijua mtu mzima kama wewe hawezi kunificha kitu kama hicho miezi minne!"

"Kila uliponiuliza sikusema uongo. Nilisema amelala."

"Usinichezee maneno! Leo usinichezee maneno, nimechoka!" Sauti yake ilipanda, jirani mmoja akafunga dirisha kwa adabu, kisha akalifungua tena kidogo. "Biskuti zangu zinakwenda wapi?"

"Zipi?"

"Ishirini na nne kila Jumamosi! Unawapa mbwa wa kazini?"

"Hapana. Wale wanakula ngumu."

"Unatupa?"

"Nitupe kazi ya mikono yako?" Kwa mara ya kwanza naye aliudhika. "Hapana. Siwezi kutupa."

"Basi anakula nani?"

Baba Kibogoyo alitazama viatu vyake. Alivitazama muda mrefu, kama vile vingemsaidia kujibu.

"Mimi."

"Wewe."

"Nne kila asubuhi, na chai. Zinanifikisha Ijumaa."

"Hazina sukari!"

"Najua."

"Wala chumvi!"

"Najua, Fundi. Nimezila miezi minne, hakuna anayejua kuliko mimi."

Siku nyingine Fundi angecheka mpaka akae chini. Kicheko kilifika kooni, kikakutana na kitu kingine huko, na kilichotoka hakikuwa kicheko. Alikunja mkono wa blauzi na kumwonyesha kovu la moto juu kidogo ya kifundo cha mkono.

"Hili nilijichoma mwezi uliopita nikigeuza biskuti za mbwa aliyekufa. Unalikumbuka? Uliniuliza limetokana na nini, nikakuambia si kitu. Papai likikosekana nilizunguka mji mzima. Nilikuwa nasema moyoni, yule mzee hana meno, nisipompikia mimi atakula nini? Kumbe mimi ndiye mwehu. Kumbe hata jina nililokupa sasa ni la marehemu. Kwa nini hukuniambia?"

Baba Kibogoyo alifungua mdomo. Macho yake yalikwenda mara moja kwenye dirisha la uani, ambako nguo zilikuwa zinaning'inia, kisha yakarudi haraka.

"Ni kosa langu," alisema. "Lote ni langu."

"Sikukuuliza kosa la nani. Nimekuuliza kwa nini."

Fundi alingoja. Alingoja kwa miguu inayouma na macho yanayowasha, akitaka neno moja tu, na mtu yule alisimama pale mlangoni akimeza mate. Huo ndio uliokuwa ule uzito aliousema mama. Fundi alihisi kitu ndani yake kikikaa chini, kama mtu aliyesimama foleni siku nzima akaambiwa dirisha limefungwa.

"Basi nenda," alisema polepole. "Leo ilikuwa mwisho. Jumatatu nahamia kwa dada yangu."

"Unahama?"

"Nahama."

Alitazama mikono yake miwili, ambayo ilikuwa imeshajiandaa kupokea mfuko, akaishusha. "Safari njema, Fundi," alisema, na akageuka kuondoka.

"Wewe, mtu wa mbwa! Simama hapo hapo!"

Mama aliingia kwa mlango wa uani, vibanio vya nguo vimejaa mkononi, na kimoja bado kimeng'ata ukingo wa kanga yake.

"Shikamoo, mama," alisema Baba Kibogoyo.

"Marahaba. Mbona humwambii?"

"Mama, ni kosa langu, nimeshase..."

"Nyamaza. Unaongea wakati wa kunyamaza, na wa kuongea unanyamaza." Alimgeukia binti yake. "Mwanangu, kaa."

"Sitaki kukaa."

"Basi sikia umesimama. Alikuja Jumatano ile mbwa wake alipokufa. Wewe ulikuwa umelala. Alikuja kukuambia usioke tena. Alikuwa analia, mwanamume mzima, hapo hapo alipo. Mimi ndiye niliyefungua mlango, na mimi ndiye niliyemkataza."

"Ulimkataza nini?"

"Kukuambia. Baba yako alikuwa na mwezi mmoja kaburini. Unakumbuka nyumba hii ilivyokuwa? Siku sita za wiki ulikuwa umelala umeangalia ukuta. Nakuletea uji, unapoa. Nakuita, huitiki. Nimempoteza mume, na naona mtoto naye ananiponyoka huku namtazama. Lakini Jumamosi alfajiri nasikia sufuria. Siku moja kwa wiki unaamka, unaoga, unatoka kutafuta papai, kwa sababu kuna mbwa bogoyo anakungoja." Mama alivimwaga vibanio mezani. "Mimi mbwa siwapendi, na sitawapenda. Lakini yule nilimwombea maisha marefu, hata baada ya kufa. Nikamwambia huyu, baba, nakuomba, mbwa wako asife kwanza. Chukua hizo biskuti, uzipeleke unakojua."

Fundi alimtazama mama yake. Alitazama mikono ile iliyokunjamana kwa maji ya sabuni, na akakumbuka uji uliopoa, bakuli baada ya bakuli, ulioletwa tena kesho yake bila neno. Machozi yalimtoka. Hakuyafuta.

"Na wewe ulikubali," alimwambia yule mlangoni. "Umesimama hapa nakutukana, na umebeba makosa ya mama yote."

"Si yote ya mama," alisema Baba Kibogoyo.

Kumbe sauti yake inaweza kuwa imara.

"Mama alinikataza mwezi mmoja tu. Ulipokwisha akaniita, akaniambia sasa amepata nguvu, mwambie. Miezi mitatu iliyobaki ni yangu mwenyewe."

"Hilo kweli," mama alisema. "Nilimwambia. Nikashangaa kila Jumamosi bado anabeba."

"Ulikuwa unangoja nini?" Fundi aliuliza.

"Niliogopa. Mbwa akiisha, biskuti zinaisha. Biskuti zikiisha, nitapiga hodi hapa niseme nimefuata nini?"

"Si ungesema ulichofuata."

"Ndipo hapo paliponishinda. Ninaweza kumwambia mbwa mkali kaa, akakaa. Nikifika kwenye huu mlango..." Alinyoosha mikono, haikuwa na kitu.

"Sema sasa."

Alimtazama mama.

"Mimi sisikii," mama alisema, akaanza kupanga vibanio kwa rangi. "Endeleeni."

"Nimekufuata wewe," alisema Baba Kibogoyo. "Tangu mifuko ya kwanza. Kibogoyo alikuwa anakula hata uji, Fundi. Hakuhitaji biskuti. Mimi ndiye niliyezihitaji."

Jikoni kulinuka moshi. Fundi aliruka kwenye oveni, akavuta trei, na biskuti zote kumi na mbili zilikuwa zimeshika chini, nyeusi upande mmoja. Alizitazama. Kisha kile kicheko kilichokuwa kimekwama tangu saa ile kikapata njia, akacheka huku analia, ameshika trei ya moto kwa kitambaa, na hakujua ni lini mara ya mwisho alicheka ndani ya nyumba hii.

Simu ililia mezani. Dada mkubwa hakuwa na subira ya kungoja mchana.

"Enhe, mdogo wangu, niwaambie hoteli unakuja?"

"Siji, dada."

"Huji? Kisa?"

"Nimechoka."

"Si ndiyo maana nasema uje, upumzike na hao mbwa!"

"Nitapumzikia hapa hapa." Alisikiliza kidogo malalamiko ya dada, ambayo yalikuwa ya haki na marefu. "Nakupenda, dada. Nitakupigia jioni, nitakueleza. Ni hadithi ya mbwa, lakini utaipenda."

Alikata simu. Yule mwanamume bado alikuwa nje ya kizingiti, kama alivyokuwa miaka miwili.

"Ingia," alisema Fundi.

"Viatu vyangu vinanuka mbwa."

"Jiko zima hili ni la mbwa. Vua uingie."

"Na akanawe kwanza," mama alisema bila kuinua kichwa. "Mpaka kwenye viwiko."

Alivua viatu, akaviweka sambamba ukutani, akaingia kwa soksi. Moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Alinawa mikono taratibu, mpaka kwenye viwiko kama alivyoagizwa, kisha akakaa pale alipoonyeshwa. Hakujua aiweke wapi mikono yake, sasa kwa kuwa hakukuwa na mfuko.

Fundi alivuta lile bakuli lenye unga wa trei ya pili. Miguu bado ilimuuma, na mgongo. Hakuwa amepona, na hakujidanganya kwamba amepona. Alipanda kwenye kigoda na kuutoa juu ya kabati mkebe ambao hakuugusa kwa kazi tangu baba yake afariki. Kifuniko kilikuwa kimeganda, akakigonga kwa kisu mpaka kikaachia.

"Unatia vijiko vingapi kwenye chai?" alimuuliza mgeni wake.

"Vitatu."

"Vitatu! Na umekula zile miezi minne?"

"Miezi minne," alisema, na macho yake yakakaa usoni kwake. Safari hii hakuyaondoa.

Fundi alichota kijiko cha kwanza, kikajaa, akakimimina juu ya papai.

"Wewe mtoto, umechanganyikiwa?" Mama aliacha vibanio. "Unafanya nini? Si wewe mwenyewe unasema mbwa hawali sukari?"

Fundi alichota cha pili.

"Hizi si za mbwa, mama."